Kigari cha Upande wa Ford

Bronte Kilgariff alimwangusha yule mzee katikati ya maegesho ya ukumbi mmoja mjini Bathurst, Australia, akampokonya boksi na kulichana.

Ndani mlikuwa na kigari cha mfano cha Holden Monaro, cha manjano, urefu wa kiatu. Akafungua buti. Tupu. Akang'oa viti. Tupu.

Mzee alikuwa karibu kulia. "Dada, boksi hilo halijafunguliwa tangu litoke kiwandani. Sasa nani atalitaka?"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nikusamehe nini? Umeshaniharibia."

Bronte akainuka na vumbi magotini. Huyo alikuwa wa nne tangu asubuhi, na wote walikuwa watu wazima wenye haki ya kumlaani.

Odgers, bosi wake wa idara ya usalama, akamwingia sikioni kutoka Canberra kupitia kidude cha mawasiliano. "Kilgariff. Umeipata?"

"Hapana."

"Unafanya kazi au unacheza na vigari?"

Alitamani kukichomoa kile kidude sikioni akitupe chooni. Amri ilikuwa fupi: gari la milango miwili, la manjano, boksi zima, litauzwa leo humu ukumbini, kwenye soko la wakusanyaji wa vigari. Ndani ya buti kuna chipu. Ndani ya chipu kuna anwani ya nyumba alikofichwa Salote Vea, mwanamke aliyewaona wauza silaha bandarini Brisbane na ambaye kesho atawataja mahakamani. Chipu ikitoka humu, Salote na wanawe wawili hawafiki kesho.

Saa yake ya mkononi, iliyoundwa kunusa chipu, ilikuwa imelia kwenye kila meza. Vigari vyote ni vya chuma. Huko maabara hakuna aliyewaza hilo, shenzi kabisa.

Akarudi ukumbini. Baba yake, Kev, alikuwa kwenye meza yake ya Holden ya kila mwaka, glavu nyeupe mikononi, pai ya nyama pembeni.

"Monaro za manjano zimeisha, mwanangu. Nyingine umezipasua wewe."

"Milango miwili, baba. Ya manjano. Lazima iko humu."

"Labda ile takataka ya upande wa pili," Kev akasema, akacheka.

Bronte akageuka kutazama ng'ambo ya ukumbi.

Upande wa Ford. Kwao walikuwa watu wa Holden, na Ford ndio mahasimu; tangu azaliwe hajawahi kuukanyaga. Shangazi yake aliyeolewa na mwenye Falcon, gari la Ford, hakualikwa tena Krismasi. Ameambiwa gari la milango miwili, yeye akasikia Monaro. Asubuhi nzima amepekua nusu ya ukumbi akidhani ndio ukumbi wote.

"Mjinga mimi," akasema. "Mjinga wa kutupwa."

"Nini?" Odgers akauliza.

"Ni Falcon."

Akatimua mbio.

Meza ya mwisho ya Ford ilikuwa na pengo katikati. "Ya manjano iko wapi?" akamuuliza muuzaji, jitu la ndevu.

"Nimemuuzia yule wa koti la kijivu, sasa hivi. Binti wa Kev, umepotea njia?"

Mwenye koti alikuwa anakaribia mlango. Akageuka, akamwona, akakimbia. Bronte akaishika bastola yake ya Glock ndani ya jaketi, kisha akaiacha. Watoto walikuwa wamejaa kila mahali.

Boksi lilikuwa kubwa, linamchelewesha yule bwana. Basi akalichana palepale, mbele ya foleni ya chai, akachomoa kigari na kulikanyaga boksi.

Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Wewe una kichaa?" mama mmoja wa fulana ya buluu akamuuliza.

Foleni nzima ikaziba mlango. Mtu akamkamata kola. "Huendi popote, kaka. Okota hilo boksi kwanza."

Bronte akafika. Goti moja la tumbo, pingu, kwisha. Akafungua buti ya Falcon kwa ukucha.

Chipu.

"Odgers, ninayo. Salote yuko salama."

"Ilikuwa wapi muda wote huo?"

Akakichomoa kile kidude sikioni.

Polisi wakamchukua mtu wao. Njia ya kutokea ilipita mbele ya meza ya Kev, na Falcon ilikuwa mkononi.

"Umebeba nini hicho?" baba yake akauliza.

"Ushahidi. Kuna mama na watoto wake wawili wangekufa leo."

Kev akakitazama kile kigari, uso umekunjamana. Kisha akavua glavu zake nyeupe, akampa.

"Basi usikishike kwa mikono mitupu."

Bronte akazivaa, akatoka zake nje.