Sauti Katika Kinu cha Dawa

Kinu kilisaga chenyewe adhuhuri, duka la dawa likiwa limefungwa. Mjane alikuwa mbele anafuta kaunta, akasikia chumba cha nyuma: kru, kru, kisha mchi ukagongwa ukingoni mara mbili. Ndivyo mumewe mfamasia alivyokuwa akigonga. Na mumewe, jamani, walishamzika.

"Bibie," sauti yake iliita kutoka ndani, "umekula?"

Mwingine angetoka mbio. Yeye alivuta kiti mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Nimekula," alidanganya.

Tangu hapo akawa anaacha vidonge mezani, anakuta vimeshasagwa, chumba kinanukia mafuta ya nywele ya marehemu. Shangazi yake, mganga wa majini, alimnong'oneza, "Mwanangu, huyo si mumeo." Mjane alimjia juu, akamwambia ashike lake.

Likaja agizo la dawa ya moyo ya kichanga wa jirani. Vidonge vyake husagwa, vikachanganywa na unga mwingi usio na dawa, ukagawanywa kwenye vikaratasi. Marehemu hakuwa na mchezo hapo. Enzi zake alitia rangi nyekundu kidogo kwenye dawa, akaongeza unga kidogo kidogo, kila mara ulingane na uliomo kinuni, mpaka rangi iwe moja. Ukimwaga wote kwa mkupuo, kikaratasi kimoja hubaki unga mtupu, kingine huua.

Mjane aliacha vidonge, rangi na unga mezani, akakuta vikaratasi vimeshafungwa. Alifungua cha kwanza. Unga mweupe. Cha pili, mweupe. Wa cha tatu ulikuwa mwekundu kama kidonda kibichi, na hapo akamwita shangazi yake, maana mumewe asingefanya hivyo hata akiwa mahututi, na yeye mjane siku zote hizo alikuwa amekaa mlangoni akisimulia siri zake, akililia kitu kilichojua sauti ya mumewe na harufu ya mumewe lakini hakikujua kazi yake.

Shangazi akaja na chetezo kikifuka ubani. "Kiambie mwenyewe. Mimi hakitanisikia."

"Wewe si mume wangu," mjane alinong'ona.

Kusaga kukakoma. "Bibie," sauti ilisema taratibu, "sasa utakula na nani?"

Moyo ulimpasuka, lakini aliinuka, akakiondoa kiti mlangoni. Harufu ya mafuta ikafifia, ikaisha.

Alimwaga unga wote, akasaga upya mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka rangi ikawa moja. Jirani alipokwisha kuchukua dawa ya mtoto, mjane aligonga mchi ukingoni mara mbili, akasubiri.

"Sijala," alisema.

Hakuna aliyemjibu.