Gari la Munje Lililokataa Kuwaka

Kilichoibwa hakikuzidi kidole gumba, lakini asubuhi hiyo kijiji kizima cha Munje kilikuwa kimekwama. Gari la wagonjwa halikutaka kuwaka, na dereva wake, Mzee Swabir, alikuwa ameshikwa kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Inspekta Mwinga hakuipenda kesi hii hata kidogo. Mwaka juzi dereva huyu huyu alimfikisha mama yake Mwinga hospitali ya Msambweni akiwa bado anapumua, na mama yu hai hadi leo. Utamtiaje pingu mtu kama huyo?

"Fundi Tembo, nieleze polepole," alimwambia fundi aliyekuwa akilikagua gari.

"Magari ya zamani yalikuwa na distributa ya kugawia plagi moto. Hili halina, Afande. Lina koili mbili: moja yarusha cheche silinda ya kwanza na ya nne, nyingine ya pili na ya tatu. Ikifa moja, injini itakohoa. Hapa silinda zote nne kimya."

"Kwa hivyo?"

"Kosa liko kwa anayeziamuru. Kompyuta hairushi cheche mpaka sensa ya kranki, kijidude kinachohisi mhimili wa injini, iiambie injini imezunguka hadi wapi. Sensa imetolewa."

Mwinga akainama. Ncha ya waya iliyobaki ilikuwa imefungwa vizuri kwa kipande cha leso. Mwizi gani huyu mwenye huruma, anayekinga waya usiingie mchanga? Aliyeitoa alikusudia kuirudisha.

Leso ni vazi la kike, na ufunguo ulilala kwa Swabir; Mwinga akampeleka mzee nyumbani kwake.

"Shikamoo, Bi Hafswa."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni chai."

Mke wa Swabir aliipua birika kwa leso kuukuu iliyokatwa pembe. Mwinga akakiweka kile kipande penye mkato. Maua yakakutana.

Hafswa hakubabaika. Alitia mkono kwenye kopo la mchele, akatoa sensa.

"Ni mimi. Nilichukua ufunguo yeye akiwa msikitini. Ramadhani iliyopita alipoibadilisha, mimi ndiye niliyemshikia spana."

"Kwa nini umeitoa?"

"Siwezi kusema. Niliapa."

"Mama, bila sababu huu ni wizi. Itanibidi nikushtaki."

Hafswa akanyoosha mikono yote miwili atiwe pingu.

"Mwache!" Swabir aliruka. "Mimi ndiye niliyemwapisha. Nina sukari, Inspekta. Mwezi huu macho yameniingia giza mara mbili nikiwa kwenye usukani. Mara ya pili nilikuwa nimembeba mja mzito. Nilimwambia mke wangu asimwambie mtu, nisije nikaachishwa kazi."

"Nami sikumwambia mtu," alisema Hafswa. "Nimelizima gari tu."

Mwinga alicheka. Kesi aliifunga papo hapo.

Wote wakarudi garini. Tembo aliirudisha sensa, na injini ikaitika mara moja. Mwinga akakaa kwenye usukani yeye mwenyewe.

"Ulimpeleka mamangu, Mzee, na sikupata kukushukuru ipasavyo. Ingia nyuma. Leo mgonjwa ni wewe."

Swabir alipanda polepole. Akageuka, akamnyooshea mkewe mkono ili apande naye.

"Ahsante, Hafswa," alisema, na hakuuachia mkono ule mpaka Msambweni.