Sauti ya Nne Ukingoni mwa Meru

Asubuhi ile Mlima Meru ulikuwa umetulia kama mzee aliyeshiba makande. Lesian, kiongozi wa wapanda mlima, alikuwa anawashusha watu wake kutoka kileleni: Yiamat, askari wa hifadhi mwenye bunduki; Anjela, mgeni kutoka Kijenge, ambaye magoti yalishaanza kumkana; na nyuma kabisa Rodrick, msaidizi na shemeji wa Lesian, mume wa dada yake Naisiae.

Walipoondoka Usa River, Naisiae alimshika Lesian mkono, tumbo lake la miezi minane likiwa mbele.

"Kaka, unirudishie huyo. Mtoto hajamwona baba yake."

"Nakurudishia, tena na harufu ya soksi zake."

Ukingo pale ni mwembamba. Upande mmoja kreta imeachama, na chini yake koni ya majivu. Ukungu ukipanda, Lesian huhesabu watu kwa sauti bila kugeuka. Anayegeuka pale huteleza.

"Moja!" Lesian alianza.

"Mbili," Yiamat.

"Tatu, nakufa," Anjela.

"Nne, mlango nimefunga!" Rodrick. Miaka yote alimalizia hivyo, yeye wa mwisho kwenye mstari.

Ukungu ukawameza. Lesian akahesabu tena.

"Nne."

Bila mlango. Lesian akajisemea, shemeji kachoka. Wakashuka. Hesabu ya tatu.

"Nne." Karibu zaidi.

Walipofika Rhino Point, ukingo unapopanuka, Lesian akageuka. Wawili tu.

"Rodrick yuko wapi?"

"Si yuko nyuma yangu?" Anjela alinong'ona. "Ananipumulia shingoni tangu kule juu."

Walirudi. Walimkuta chini ya mwamba, hatua chache tu kutoka pale alipofunga mlango. Yiamat alimgusa, akavua kofia.

"Kapoa, Lesian. Huyu alianguka zamani."

Lesian hakulia. Moyo ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Alipiga goti, akamfunga shemeji yake kamba ya kiatu iliyofunguka. Akaifunga vizuri, mara mbili.

Simu ikaita. Naisiae.

"Kaka, mbona umemwacha Rodrick arudi peke yake?"

"Nini?"

"Kafika. Kakaa kitandani, hasemi. Majivu mpaka magotini! Nimemchemshia maji, namwosha."

Lesian aliutazama uso uliolala mbele yake.

"Naisi. Toka nje."

"Kuna nini?"

"Toka. Sasa hivi."

"Subiri basi, nimalize mguu wa pili."

Simu ikakatika.

Jirani, Mama Nosim, alimkuta Naisiae amepiga magoti mbele ya kitanda kitupu, taulo mkononi, beseni la maji pembeni. Mzima. Ila hakumbuki kuchemsha maji.

Walimzika Rodrick siku ya tano. Watu walipotawanyika, Lesian aliingia chumbani kwa Naisiae. Beseni lilikuwa palepale. Hakuna aliyethubutu kulimwaga. Majivu yalikuwa yametuama chini.

Akachovya kidole.

Maji bado yalikuwa ya moto.