Annika Hakusaini Ijumaa

Jumapili mchana familia ya Brekke ilikuwa mezani. Orrin, baba wa familia, ni mkulima wa ngano karibu na mji wa Fargo, Dakota Kaskazini. Siku hiyo hakugusa chakula. Alikuwa akisoma barua kwa mara ya tatu.

"Sikilizeni tena," alisema. "'Karibu Red Prairie. Utafanyia kazi Fargo na kulala nyumbani kwako. Baada ya miaka miwili utakuwa kapteni wa ndege.' Binti yangu, kapteni!"

"Baba, kula, chakula kinapoa," Annika alisema huku akicheka.

Annika alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa amefundisha watu kurusha ndege ndogo mpaka akatimiza saa elfu moja na mia tano angani. Sasa aliruhusiwa kuajiriwa na shirika la ndege. Shirika la Red Prairie lilitaka asaini mkataba ifikapo Ijumaa.

Mlango ukagongwa. Akaingia jirani yao, Bi Verna Stroud, kurudisha sufuria. Mama huyu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika shirika jingine dogo la ndege. Kazi yake ilikuwa kupanga nani arushe ndege ipi.

Orrin akampa barua. Bi Verna akaisoma, kisha akauliza, "Na mkataba wenyewe uko wapi?"

Annika akauleta. Bi Verna akavaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja. Kwenye ukurasa wa tisa akaweka kidole.

"Soma hapa kwa sauti."

"'Kampuni inaweza kumpeleka rubani kituo chochote, wakati wowote.'"

"Fargo imetajwa?"

"Hapana."

"Barua ni maneno matamu tu. Kitakachokubana ni huu mkataba. Haya, soma na hapa chini."

"'Rubani akiacha kazi kabla ya miaka mitatu, atalipa gharama zote za mafunzo yake.'"

Orrin akasukuma sahani. "Jirani, usimtie mtoto wangu nuksi! Wenzake wanaililia nafasi hii."

"Orrin, mimi ndiye niliyekuwa nawapigia simu vijana hawa!" Bi Verna alivua miwani kwa hasira. "Kijana ananiambia, 'Mama, nimechoka, macho yanajifumba yenyewe.' Mkuu wangu ananiamuru nimjibu, 'Usiporuka, kesho uje ujieleze.' Nami nilijibu hivyo. Mara ngapi! Na nyuma yake wamekaa abiria hamsini. Naona aibu mpaka leo."

Annika akauliza, "Sasa nifanyeje?"

"Usimsikilize anayelipwa kukuvuta kazini. Waulize marubani walioingia mwaka jana. Wanalala wapi? Wanapumzika siku ngapi? Rubani akisema amechoka, anafanywa nini? Na uchague vizuri mara ya kwanza. Ukihama shirika unaanza upya mkiani mwa orodha ya marubani, inayopangwa kwa miaka ya kazi. Walio juu ndio huchagua kituo na likizo."

Kesho yake Annika alikwenda kiwanja cha ndege. Alimkuta rubani kijana wa Red Prairie, Desmond Pruitt, akila tambi za kumwagia maji moto.

"Unaishi Fargo?" Annika alimuuliza.

"Mke wangu ndiye anayeishi Fargo. Mimi kituo changu ni Newark, mbali huko mashariki. Niliahidiwa Fargo. Kumbe foleni ya kuingojea ni miaka sita! Sina chumba huko; mwezi huu nimelala kwenye viti vya kiwanja siku kumi na moja."

"Na ukichoka?"

"Nilisema mara moja tu. Nikaitwa ofisini kama mwizi."

Annika alirudi nyumbani damu ikimchemka. Alimpigia simu Bwana Kessler, mtu wa ajira wa Red Prairie.

"Niandikie Fargo kwenye mkataba, nisaini leo."

"Dada, mambo hayo hatuyaandiki. Sisi tunaaminiana."

"Kama tunaaminiana, mbona ile miaka mitatu mmeiandika?"

"Wenzako hawana maswali mengi hivi. Utajuta."

"Wenzangu wanalala kwenye viti! Sisaini."

Orrin alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaichukua ile barua, akaichana. "Wamenichezea na mimi, mtu mzima na mvi zangu!" alinguruma.

Shirika la pili aliloomba kazi, North Lake, lilikuwa na mshahara mdogo kidogo. Annika aliongea kwanza na marubani wake watatu. Kisha akadai majibu kwa maandishi, akayapata. Kituo chake kingekuwa Duluth, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwao. Rubani aliyesema amechoka hangeadhibiwa. Yeye na Bi Verna walisoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa. Ndipo akasaini, akahamia Duluth.

Siku moja ya Januari, theluji ilichelewesha ndege kutwa nzima. Jioni Annika alijikuta anasoma namba ileile mara tatu bila kuielewa. Akampigia simu mpangaji wa ratiba.

"Nimechoka. Siwezi kuruka salama."

"Sawa, kapumzike. Natafuta mwingine."

Akachukua mkoba wake. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akamzuia kwenye ukumbi wa abiria.

"Tumekaa hapa tangu asubuhi! Nani huyo anayetuchelewesha tena?"

"Ni mimi, mzee wangu. Nimechoka, kwa hiyo nimekataa kuwarusha. Anakuja mwenzangu aliyelala vizuri."

Mzee alitaka kugomba. Akayaona macho ya Annika, mekundu kama pilipili.

Akasogea kando, akamfungulia mlango. "Nenda kalale, binti."