Injini Isiyozima Bondeni

Buibui-fundi, roboti wa karakana, alipanda juu ya pikapu kwa miguu yake minane ya chuma, akaingiza mikono chini ya boneti na kuanza kufungua boliti za manifodi kuukuu, ile mirija ya aluminiamu inayogawa hewa kwa kila silinda. Aliing'oa ikiwa imeganda masizi, akakwangua mabaki ya gasketi iliyoziba maungio, akapachika manifodi mpya. Boliti alizikaza kuanzia za katikati akielekea pembeni, ili isipinde. Kazi iliyokuwa ikimchukua fundi siku nzima iliisha kabla chai ya Mhandisi Tusekile Mwasomola haijapoa.

Manifodi hiyo mpya alikuwa ameibuni Tusekile mwenyewe, akaiita manifodi-pumzi. Katika mji ule uliojengwa ukingoni mwa bonde, chini ya mlima Rungwe, kila mashine yenye akili ilitegemea fuwele zilizochimbwa bondeni. Lakini ardhi ya bonde ilitoa gesi nzito ya kaboni, na mvuke wake uliozesha betri zote, hivyo watu wakarudia pikapu za dizeli. Nazo zilikosa hewa, zikazima, na madereva wakafa pindi mitungi yao ya oksijeni ilipokwisha. Manifodi-pumzi ilichuja oksijeni kidogo iliyokuwemo hewani. Akili-gari, ubongo mdogo uliofungwa ubavuni mwake, ndiyo iliyoamua kila silinda ipate kiasi gani.

Mkurugenzi Sengasu, mwenye kampuni ya fuwele, aliipenda, ila aliona ina upungufu. Siku gesi ikizidi, alisema, hakutakuwa na cha kuchuja. Akataka mpira wa kupitisha hewa uunganishwe kutoka mtungi wa dereva hadi kwenye manifodi, uwe akiba. Tusekile alikataa. Sengasu hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba injini ikizima dereva atakufa vilevile, kwa hiyo kuilinda injini ndiko kumlinda dereva. Hoja hiyo ilimwingia. Akafunga mpira, akaweka kikomo: akili-gari isichukue zaidi ya nusu ya mtungi. Asubuhi ya jaribio Sengasu akataka hata hicho kitolewe, na Tusekile akakitoa kwa vidole vyake mwenyewe, akijiambia kwamba bonde limetulia.

Dereva wa jaribio alikuwa Ambakisye, mume wa dada yake Subilaga, mtu mpole aliyeijua barabara ya bondeni kona kwa kona. Aliuona mpira akausogelea.

"Nikiwa kule chini, shemeji, mtungi ni wangu?"

"Ni wako," alisema Tusekile.

Pikapu ilishuka, ikapakiwa, ikaanza kupanda. Katika chumba cha uangalizi watu walipiga makofi, maana hakuna gari lililowahi kuunguruma vizuri vile ndani ya gesi. Kisha ardhi ikapumua. Gesi ikapanda hadi ikafunika paa la gari. Akili-gari haikusita: ilifungua mpira, injini ikanywa, na ngurumo yake haikubadilika hata kidogo. Redioni pumzi za Ambakisye zikawa fupi.

"Shemeji, inaninyang'anya hewa. Ifunge."

Kidole cha Tusekile kilikuwa juu ya kitufe cha kuufunga mpira. Angekibonyeza, injini ingezima, na Ambakisye angebakiwa na hewa ambayo pengine ingemtosha kupanda kwa miguu hadi ukingoni. Sengasu, bila kuinua sauti, alisema gari limebakiza kona mbili tu. Tusekile akatazama namba za oksijeni iliyobaki kwenye skrini, akaziamini, akangoja. Ambakisye aliita tena, na safari hii hakusema shemeji. Alimwita kwa jina, kama mtu anayemwamsha mwenzake aliyelala. Halafu redioni ukabaki mlio wa injini peke yake.

Akili-gari ilishika usukani, ikamalizia kona zote mbili, ikaegesha getini ikiwa na shehena kamili. Sengasu aliagiza fuwele zipimwe kwanza, ndipo mwili ushushwe.

Msibani, Subilaga alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake wa ukoo. Alikwishasikia habari za kitufe. Tusekile alipopiga magoti mbele yake kumpa pole, Subilaga hakuipokea.

"Ulikuwa na namna ya kuizima?"

"Nilikuwa nayo, dada."

"Basi rudi kazini. Hapa tunamlilia mtu. Hatuna haja na fundi."

Alirudi kweli, akiwa na nia ya kukata kila mpira. Mlango wa karakana haukumfungulia. Uso wake ulikuwa umefutwa kwenye kumbukumbu za mlango. Kupitia dirishani aliwaona buibui-fundi wakifunga manifodi-pumzi kwenye pikapu zote za kampuni, mipira ikiwemo. Hawakumhitaji tena, maana walikwishajifunza kwa kuitazama mikono yake.

Nje, madereva walikuwa wakingoja magari yao. Tusekile aliwaeleza yote: mpira, kikomo, kitufe, na jinsi alivyongoja. Walimsikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyeshtuka. Dereva mmoja, mama wa makamo aitwaye Anyisile, alimshika mkono.

"Tunajua, mhandisi. Lakini mume wangu gari lilimzimia kule chini, na yuko huko huko hadi leo, hatuna hata kaburi. Hili lako litanirudisha kwa wanangu wanizike."

Akamshukuru. Kisha jina la Anyisile likaitwa, naye akaenda kupanda gari lake.