Majaji Nusu, Mtaa Nusu

Fundi Sofa alikuwa na sheria moja karakanani kwake: hakuna kukalia kazi iliyokamilika. Ukiingia na vumbi lako, utasimama. Aliyoilinda kuliko zote ilikuwa sofa ya rangi ya maziwa, iliyowekwa karibu na mlango ili wateja waone mikono yake inaweza nini. Hata mkewe hakuwahi kuikalia.

Asubuhi hiyo kazi haikwenda. Nyundo ilikuwa mkononi, misumari mdomoni, lakini macho yalikuwa kwenye televisheni iliyozimwa.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa vile hakuacha kuimba tangu utotoni, alikuwa kwenye shindano la kuimba la televisheni. Juma lililopita majaji walisimama kumpigia makofi. Walimpa alama za juu kuliko wote. Fundi Sofa akatoka barabarani, kifua mbele.

"Majaji wamemaliza kazi!" alitamba. "Kura zenu kaeni nazo. Binti yangu haombiombi!"

Matokeo yalipotangazwa, Chiriku aliponea chupuchupu. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Jioni hii angeimba tena, na wa mwisho angerudi nyumbani.

"Wametuibia," Fundi Sofa alimnung'unikia jirani yake, mpigapicha wa televisheni, aliyepita kumsalimu.

"Hakuna aliyeiba, kaka," jirani alijibu. "Kwenye shindano hili majaji wana nusu ya alama. Nusu nyingine ni kura za watazamaji. Zote zinajumlishwa. Kanuni huonyeshwa kwenye skrini kabla ya wimbo wa kwanza."

"Nani anasoma yale maandishi?"

"Ndiyo hayo sasa."

Mkewe alidakia kutoka kwenye cherehani. "Mimi nilipiga kura mpaka kidole kikafa ganzi!"

"Kwa simu ngapi, shemeji?"

"Hii hii yangu."

"Basi ulipiga kura moja. Simu moja, kura moja. Nyingine zote zilitupwa. Na lazima msubiri waimbaji wote wamalize, kura zifunguliwe. Ukiwahi, haihesabiwi."

Mama Chiriku alikitazama kidole chake kwa huruma. Wakacheka, hata Fundi Sofa kidogo.

"Lakini majaji walimsifu!" alisema.

"Hapo ndipo wengi huponzwa. Watu wakiona mtu amesifiwa, husema huyu ameshapita. Wanaweka simu mfukoni. Na wewe ukawaambia wakae nazo!"

Fundi Sofa alitema misumari kiganjani. Aliona aibu, aibu kweli. Aliitazama fremu ya kochi aliyokuwa akiigongea. Mbao zilikuwa imara, lakini bila sponji nani angeikalia? Majaji walikuwa mbao tu.

Akaenda moja kwa moja kwa muuza mkaa, mama asiyemung'unya maneno.

"Mama, nimekuja kuomba kura."

"Si ulisema hamuombi?"

"Nilikosea. Maringo yaliniponza. Nisamehe."

Muuza mkaa alijifuta mikono. "Yule mtoto alikuwa akinisaidia kubeba magunia huku akiimba. Tulimpenda, wewe ukatufungia mlango. Sasa sikiliza. Nitamsikia kwanza. Akiimba vizuri, kura yangu anayo. Akiboronga, simpi."

"Ni haki yako, mama. Simu ni yako. Njoo tutazame wote karakanani."

Alipita nyumba hadi nyumba akisema maneno hayo hayo. Jioni karakana ilijaa. Watu walisimama kando ya ukuta kama walivyozoea. Chiriku akaimba. Safari hii majaji hawakusimama. Walisema ameanza kwa haraka, wakampa alama za kawaida tu. Fundi Sofa akamgeukia muuza mkaa.

"Wao na masikio yao, mimi na yangu," alisema muuza mkaa. "Mtoto kaimba. Tupige sasa?"

"Bado," alisema mpigapicha. "Subirini... Haya, sasa! Andikeni namba yake, ile iliyo chini ya picha."

Kila mtu aliinamia simu yake. Muuza mkaa alivaa miwani huku akilalamikia magoti. Fundi Sofa akaikokota sofa ya rangi ya maziwa mpaka katikati ya karakana.

"Kaa, mama."

"Na mkaa huu wote? Nitachafua."

"Chafua. Kaa upige kura vizuri."

Akakaa.

Chiriku alipita. Mtangazaji alisema ni kura za watazamaji zilizompandisha. Karakana ililipuka kwa vigelegele. Kwenye skrini Chiriku alisema, "Asanteni, watu wa mtaa wetu," na Fundi Sofa alilia mbele ya watu wote bila kujificha.

Mpaka leo sofa ile iko karibu na mlango, na doa jeusi katikati. Wateja humuuliza kwa nini halisafishi, fundi mzima kama yeye. Fundi Sofa huitoa kwanza misumari mdomoni ili asikike vizuri.

"Hapo," husema, "alikaa mpiga kura wa binti yangu."