Jirani Aliyekuja Wakati wa Maombi

Mama Pacha alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlikuwa na viti vya plastiki, kioo kirefu, na beseni la kuoshea nywele. Chanuo zake zilining'inia ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Chumba kilinukia mafuta na sabuni tangu asubuhi hadi jioni.

Vidole vyake vilikuwa vyepesi na wateja walimpenda. Mwanamke akishikwa kichwa, ulimi hulegea. Kwa hiyo Mama Pacha alisikia habari za waume, za wakwe, na za watoto waliokataa shule. Mara nyingi alijibu tu, "Mh," au "Pole, mwenzangu," huku vidole vikiendelea na kazi.

"Wewe una siri za mtaa mzima," mumewe alimtania. Mumewe alikuwa seremala, mtu mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. "Siku ukifungua mdomo, watu watahama."

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya wito. Alisema Mungu humwita kila mtu, si wachungaji peke yao. Mama Pacha alitoka kanisani na neno hilo moyoni. Aliwatazama wenzake. Huyu aliitwa kufundisha watoto. Yule aliitwa kuimba. Yule mwingine akisimama kuomba, kanisa zima linatulia.

"Na mimi je?" alijiuliza. "Mimi nimeitwa kufanya nini?"

Alianza na kwaya. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akajikuna shingo.

"Mama Pacha, sauti yako ni ya pekee."

"Asante, mwalimu."

"Ni ya pekee mno. Hata sijui niiweke wapi."

Mumewe aliposikia habari hiyo alicheka hadi akakaa chini. Lakini alipoona macho ya mkewe yamejaa machozi, aliacha kucheka, akamshika mkono. "Nisamehe," alisema. "Sikujua limekuingia hivyo."

Baada ya hapo Mama Pacha alipata wazo jingine. Labda hakuisikia sauti ya Mungu kwa sababu ya kelele za saluni. Basi kila alasiri alifunga mlango wa saluni kwa komeo, akapiga magoti, akangoja sauti. Wateja walikuta mlango umefungwa, wakarudi zao. Binti zake pacha waliporudi kutoka shuleni, walipita kwa kunyata.

"Kuomba ni kuzuri, mke wangu," mumewe alimwambia siku moja. "Lakini mbona kila ukitoka humo umenuna?"

"Kwa sababu sisikii kitu, Baba Pacha! Ninaomba, ninangoja, kimya. Wenzangu wanaitwa. Mimi naitwa na nani? Nywele?"

Tena lilikuwepo jambo moja lililomsumbua. Kila akifumba macho kuomba, alimkumbuka jirani yao, fundi cherehani. Binti huyo aliishi ng'ambo ya njia. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Zamani cherehani yake ilisikika mchana kutwa. Sasa ilikuwa kimya, na pazia lake lilikuwa limefungwa hata jua likiwaka. Mama Pacha alifumba macho na kumwona pale pale: kilemba kilichokaa ovyo, macho makavu.

"Mawazo haya yananipotosha," alijisemea. Akayafukuza. Kesho yake yakarudi.

Alasiri moja, akiwa amepiga magoti, alisikia mtu akibisha hodi.

"Dada? Dada, upo?"

Aliitambua sauti ya fundi cherehani. Alisikia pia mtoto akilia kwa unyonge. Goti moja likainuka. Kisha akafikiri, "Nikifungua, labda sauti itakuja nisiisikie." Akarudi chini, akanyamaza.

Jirani alibisha tena, polepole. Halafu ndara zikaburuzika kwenye changarawe, zikaenda zao.

Siku iliyofuata alikuja mteja mmoja mapema. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwenye mvi na mabega mapana. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake. Watu wote walimwita Bibi Mkunga. Kanisani aliongoza kikundi cha wanawake, na kucheka kwake kulisikika hadi barabarani.

"Nisuke mistari ya kawaida," alisema akikaa. "Usinifanye kijana, wajukuu hawatanitambua."

Mama Pacha alianza kuchana. Alipofika katikati ya kichwa, akashindwa kujizuia.

"Bibi, naomba nikuulize. Wewe ulijuaje kwamba Mungu amekuita kuwa mkunga?"

"Aa! Mimi? Mimi nilikuwa naogopa damu, mwanangu. Kuku akichinjwa, nakimbia. Siku moja jirani yetu alishikwa na uchungu. Mkunga alinikuta mlangoni, akaniambia, 'Njoo umshike mkono.' Nikamshika. Mtoto akazaliwa. Nikaona mkono ule sitaki kuuachia."

"Hukusikia sauti?"

"Nilimsikia mama yule akipiga kelele, basi." Bibi Mkunga akacheka. Kisha akawa mpole. "Mungu anaweza kumwita mtu kwa sauti, simfungi mikono. Lakini wengi wetu hutuita kwa njia ya kawaida kabisa. Mbona unauliza?"

Mama Pacha akamweleza yote. Kwaya, mlango uliofungwa, kimya, na uchungu wake. Bibi Mkunga alisikiliza bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri kutafuta utulivu," alisema. "Mtu asiyetulia hasikii. Endelea kusoma Neno, endelea kuomba. Lakini maombi si mahali pa kujificha. Ukishaomba, inuka, utazame walio karibu nawe. Jiulize, ni nani ananijia moyoni kila mara? Ana haja gani? Mimi nina nini mkononi cha kumsaidia?"

"Nitajuaje kama ni Mungu, na si mawazo yangu tu?"

"Swali zuri. Pima. Jambo hilo linapatana na upendo wa Kristo? Mungu hamwiti mtu kudhuru wala kujivuna. Halafu waulize watu wanaokujua na kumcha Mungu, usiamue peke yako. Halafu jaribu hatua ndogo. Wito huonekana vizuri zaidi mtu akiwa anatembea." Akageuza kichwa kidogo. "Sasa niambie. Ukiomba, nani anakujia?"

Vidole vya Mama Pacha vikasimama.

"Fundi cherehani," alisema taratibu. "Kila siku. Nilidhani ananipotosha nisiombe. Nikawa namfukuza." Akatazama mlangoni. "Bibi, jana alikuja. Alibisha hodi, na mtoto analia. Nilikuwa humu ndani. Sikumfungulia."

Bibi Mkunga hakumlaumu. Uso wake tu ulibadilika, ukawa uso wa kazi.

"Alijifungua lini yule?"

"Mwezi mmoja na kitu. Haonekani nje. Pazia limefungwa muda wote."

"Nenda sasa hivi."

"Nimalize nywele zako kwanza, Bibi. Nimesuka nusu tu."

"Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo zangu zinaniambia uende. Mimi nitakaa hapa na nusu yangu. Ukinihitaji, niite."

Mama Pacha alipiga moyo konde. Hakujua atasema nini. Alichukua alichokijua: chanuo yenye meno mapana na chupa ya mafuta. Akavuka njia.

"Hodi! Ni mimi, Mama Pacha."

Hakujibiwa. Aliita tena. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo, akausukuma taratibu. Ndani kulikuwa na giza. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Mtoto alikuwa kitandani, amechoka kulia. Fundi cherehani alikuwa ameketi sakafuni, akimtazama kama mtu anayetazama mzigo wa mtu mwingine.

"Mdogo wangu," alisema Mama Pacha. "Jana ulikuja kwangu nami sikufungua. Nilikuwepo. Nimekukosea. Nisamehe."

Yule binti aliinua macho. "Si kitu, dada. Nilitaka tu uninyoe."

"Kunyoa?"

"Nywele zimenishinda. Kila kitu kimenishinda."

Mama Pacha alimchukua mtoto, akamweka begani, akampigapiga mgongoni hadi akatulia. Kisha akamlaza, akaketi juu ya kigoda nyuma ya jirani yake. Akamfungua kilemba. Nywele zilikuwa zimefungamana zikawa donge moja. Alitia mafuta. Alianza kuzichambua kutoka ncha, kidogo kidogo, bila kuvuta.

"Nikikuumiza, sema."

"Huniumizi."

Walikaa hivyo. Mama Pacha alitamani kuhubiri, lakini alizuia ulimi. Alifanya kama afanyavyo siku zote. Vidole vikaenda, masikio yakangoja. Na kweli, fundi cherehani akaanza kusema, akitazama ukuta.

"Dada, mimi ni mama mbaya. Nikimshika mtoto sisikii furaha. Silali hata akilala. Juzi nilimfungia humu ndani nikaondoka. Nilitaka niende moja kwa moja, nisirudi tena. Nilifika kwenye kona. Nikasikia maziwa yananitoka, nikarudi."

"Ee, mdogo wangu."

"Wakati mwingine nafikiri mtoto na baba yake wangekuwa na raha kama nisingekuwepo. Mume wangu ananiambia niombe zaidi. Naomba, dada. Naomba sana."

Mama Pacha aliweka chanuo chini, akamkumbatia kutoka nyuma. "Nimekusikia," alisema. "Asante kwa kuniambia. Sitakuacha peke yako. Unaniruhusu nimwite Bibi Mkunga? Yupo kwangu, kichwa nusu."

Bibi Mkunga alivuka njia na mistari yake upande mmoja, upande mwingine nywele zimesimama wima. Fundi cherehani alipomwona, kitu kama tabasamu kilimpita usoni, kisha akaanza kulia. Alilia muda mrefu, na wenzake walimwacha alie.

"Mambo haya nimeyaona kwa akina mama wengi," alisema Bibi Mkunga yule binti alipotulia. "Wewe si mama mbaya. Hujalaaniwa, wala si kwamba imani yako ni ndogo. Unaumwa. Huu ni ugonjwa wa huzuni unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Wataalamu huuita sonona. Una tiba. Kesho asubuhi unakwenda kituo cha afya, na hayo ya kutaka usiwepo utamwambia daktari, usimfiche. Mpaka hapo hutabaki peke yako hata dakika moja."

Mume wa fundi cherehani, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, alirudi wakiwa bado hapo. Alisimama mlangoni, unga kwenye mikono ya shati.

"Kuna nini?"

"Shemeji, keti," alisema Mama Pacha. Bibi Mkunga akamweleza kwa maneno yale yale.

Yule kijana akainamisha kichwa. "Nilidhani ni uvivu," alisema. "Nikamwambia aombe. Sikujua la kufanya jingine."

"Kuombeana tutaendelea," Bibi Mkunga akamjibu. "Lakini mguu ukivunjika, tunaomba na tunakwenda hospitali. Na moyo ni hivyo hivyo. Wewe shika mtoto, mkeo alale. Msimwambie 'jikaze.' Mwambieni 'tupo.'"

Asubuhi Mama Pacha aliandamana nao kwenda kituoni. Alikaa na fundi cherehani kwenye benchi, mkono ndani ya mkono. Daktari alimsikiliza kwa makini, akampa dawa inayofaa kwa mama anayenyonyesha, na akampangia kurudi kuzungumza na muuguzi mara kwa mara. Nyumbani mume alijifunza kumwogesha mtoto. Mara ya kwanza alilowa yeye zaidi kuliko mtoto. Seremala alitengeneza kitanda kidogo cha mtoto, na wale pacha wakabadilishana kukitikisa, wakigombana zamu ni ya nani.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Zilikuwepo siku mbaya, pazia likabaki limefungwa. Siku hizo Mama Pacha alivuka njia na chanuo yake, akakaa.

Naye Mama Pacha alibadili desturi yake. Alisoma Neno na kuomba alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Aliwataja watu kwa majina mbele za Mungu, akamaliza kwa kuuliza, "Leo nimwendee nani?" Kisha akafungua saluni. Jambo likimjia mara kwa mara, alimweleza mumewe na Bibi Mkunga. Safari nyingine walimwambia, "Nenda." Safari nyingine walimwambia, "Hilo mwachie mwenyewe, usiingilie." Alikuwa anajifunza. Mchungaji alipopata habari, aliomba kikundi cha wanawake kimtembelee kila mama aliyejifungua, na Mama Pacha awaoneshe wenzake namna ya kukaa na mtu na kumsikiliza.

Miezi kadhaa baadaye, alasiri moja yenye jua, fundi cherehani alikuja saluni na mtoto mgongoni. Alitaka mistari midogo, ya kwenda kanisani. Mama Pacha alisuka kwa utulivu, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake. Alipofika mstari wa mwisho, mtoto alinyoosha mkono wake mnene, akadaka nywele zilizokwisha kusukwa, akavuta kwa nguvu zake zote.

"We! Niache, mwizi wee!" mama yake alipiga kelele. Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti hadi akashika ubavu, na mtoto alipoona vile, naye akacheka, akavuta tena.

Mama Pacha hakukumbuka ni lini alikisikia kicheko kile mara ya mwisho. Aligeukia kioo, akajifanya anatafuta kibanio, na akajifuta macho.

"Mstari umefumuka, dada," fundi cherehani alisema, bado akicheka. "Nimekuharibia kazi."

"Acha ufumuke," alisema Mama Pacha. "Nitausuka tena."